Mchora Ramani Aliyetufundisha Kumsimamisha Mtu Shambani

Maneno ya kwanza aliyoniambia yalikuwa ya kumlaumu mtu asiyekuwapo. Alikuwa amesimama nje ya duka langu la pembejeo, hapa Bariadi, anaangalia ukuta. Nilikuwa nimechora pale mkulima mwenye bomba la dawa mgongoni, na nyuma yake shamba la pamba, ili hata asiyejua kusoma ajue ninauza nini. Niliipenda sana picha ile. Vijana walikuwa wanasimama mbele yake na kupigana picha za simu.

“Mayu,” akasema, yaani mama kwa Kisukuma, “huyu mtu yuko Dodoma.”

Nikamuuliza mtu gani.

“Huyu wa ukutani. Shamba liko hapa Simiyu, yeye yuko Dodoma. Hawajawahi kuonana.”

Akanunua dawa ya nyanya, akaaga vizuri, akaenda zake. Nilikaa na hasira mpaka wakati wa kufunga. Nilipotoka kushusha shata nikaangalia tena, nikaona ni kweli. Mkulima wangu alipigwa na jua upande wa kushoto, pamba ikapigwa upande wa kulia. Miguu yake ilikatikia kwenye majani kana kwamba mtu alimkata gazetini akambandika. Wiki iliyofuata nilimtafuta nyumbani kwake, nikamwambia nataka kujifunza. Akasema Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, nije na nguo ambayo sitaililia.

Mtaani walimwita Mchora Ramani. Alikuwa amestaafu ofisi ya ardhi, ambako kwa miaka mingi alichora viwanja, barabara na mipaka ya vijiji kwa kalamu nyembamba. Kustaafu hakukumsaidia. Bado watu walimsimamisha njiani kumwonyesha jirani aliyesogeza uzio, naye alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, “Nenda ofisini.” Hakuwahi kumjibu mtu zaidi ya hapo, na watu waliondoka wameridhika, sijui kwa nini.

Uchoraji wa picha alikutana nao kwa sababu ya baridi. Enzi hizo ofisi ilimtuma Ulaya kusomea ramani. Jumapili baada ya misa hakuwa na pa kwenda, na jumba la picha lilikuwa na joto na halikuwa na kiingilio. Aliingia kuota moto. Alituambia kwamba Jumapili ya kwanza aliangalia mabomba ya joto tu. Ya pili akaangalia ukutani.

Aliyoyaona huko ndiyo aliyotufundisha. Walikuwapo wachoraji waliochora mwanga, jinsi jua linavyokaa juu ya maji na majani, na kazi yao ilikuwa nzuri. Wakaja wengine baada yao, ambao mwanga peke yake haukuwatosha. Hao walipaka rangi waliyoihisi mahali pa rangi waliyoiona, wakaacha njia za brashi zionekane kama matuta ya jembe, wakavizungushia vitu mistari minene ya bluu. Wasomi wanawaita waposti-impreshonisti. Neno hilo alilitamka mara moja tu, polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, na alipofika ng’ambo hakurudi tena. Toka siku hiyo alisema “wale wa baadaye”.

Mwanafunzi mwenzangu alikuwa mwinjilisti wa kanisa moja la kilokole pale mjini, mtu anayependa mambo yawe wazi. Akauliza, “Na sisi, mzee, ni akina nani?”

“Sisi ni wa baadaye zaidi.”

Darasa lilikuwa uani kwake, chini ya bati. Rangi ziliagizwa Mwanza. Turubai tulitengeneza wenyewe: kitambaa cha marekani kilichokazwa kwenye fremu ya mbao, kikapakwa rangi nyeupe ya ukutani mara mbili. Tulikuja wengi mwanzoni. Wengi waliacha kwa sababu hakutufundisha kuchora uso. “Mwaka wa kwanza hakuna uso,” alisema. Mtu akiuliza sababu alijibu kwamba mwanafunzi akishapata uso anamsahau mtu.

Rangi nyeusi ilikatazwa vilevile. Siku moja nilisema kwamba sisi watu weusi tutachorwaje bila nyeusi. Hakunibishia. Alinipeleka kwenye mlango ambapo jua lilikuwa linaingia, akaniambia ninyooshe mkono, nikae kimya, niuangalie mpaka mkono uniambie. Nilijiona mjinga. Baadaye nikaona bluu kwenye mkunjo wa kiwiko, na wekundu kama wa tofali kwenye kidole, na mahali fulani juu ya mfupa rangi ya chungwa kabisa. Nikamwambia. Akasema, “Endelea,” na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa. Hakuwa na nyingine.

Somo lake la mtu na ardhi lilikuwa fupi, nasi tulilisikia kila Jumamosi. Rangi yoyote unayoweka kwenye udongo, weka kidogo kwenye mtu. Rangi yoyote ya mtu, rudisha kidogo kwenye udongo. Mtu asifike shambani kama mgeni aliyeshuka kwenye basi. Akiona umemmaliza mtu kabla ya udongo wake, alikuwa anageuza turubai yako iangalie ukuta, anaenda kunywa chai. Chai aliinywa bila sukari, kwa afya, kisha akala kijiko cha sukari peke yake.

Alikuwa na mambo kama hayo. Alituhubiria kwamba rangi haina wajibu wa kufanana na kitu, lakini fundi aliyepaka geti lake alirudishwa tena na tena kwa sababu kijani hakikuwa kijani cha kwenye kopo. Alisema mstari ulionyooka ni ugonjwa alioupata kazini, lakini michicha yake ilisimama bustanini kama askari wa gwaride. Kwake kulikuwa na saa mbili, moja ya ukutani na moja ya mkononi, hazikuwahi kukubaliana, naye aliziamini zote.

Mtu tuliyemchora alikuwa mke wake. Hakuwa ameajiriwa kwa kazi hiyo wala hakukubali. Alikuwa na shughuli zake pale uani, kuanika mpunga, kuchambua mchele, kufukuza kuku, na sisi tulikuwa njiani. Siku ya kwanza Mchora Ramani alimwomba asimame kidogo.

“Mimi siyo mti,” akasema mama, akapita.

Mzee akatugeukia. “Mchoreni anavyokwenda.”

Kwa hiyo tulijifunza kumchora mtu asiyetulia. Alama tatu za brashi kwa mgongo, moja kwa khanga, mbili za haraka kwa miguu, na kivuli cha zambarau kikimfuata mbio. Mimi niliambulia mgongo wake tu kwa miezi. Mwinjilisti alilalamika kwamba mama haeleweki. Mzee akamwambia hata yeye hamwelewi, na wameoana toka ujana.

Yeye mwenyewe alimchora daima. Katika kila picha yake, awe amechora barabara ya kwenda Lalago au miamba ya nyuma ya mji au lambo lililokauka, mama alikuwapo mahali fulani, mdogo kama punje, ameinama, ana kazi. Khanga yake ilikuwa nyekundu hapa, njano pale. Siku moja mama alisimama nyuma yetu na ungo wake, akaziangalia picha zote zilizoegemezwa ukutani.

“Umenichora kote huko,” akasema, “na uso hujanipa.”

“Uso wako naujua,” mzee akasema.

“Na watu wengine je?”

Mzee akachovya brashi. Mama akapepeta mchele wake, pumba zikatua kwenye rangi zetu mbichi, na mzee akakataza tusizitoe.

Sasa niseme habari ya Nkoma, maana bila hiyo mtu anaweza kudhani alikuwa mzee wa vichekesho tu.

Mama yangu mzazi analima pamba Nkoma. Mwaka wangu wa pili wa kujifunza nilienda kwake wakati wa kuvuna, nikamchora akichuma, kitambaa cha kutilia pamba kimefungwa kiunoni. Nilifuata yote niliyofundishwa. Uso niliruhusiwa tayari, nikauweka kijani upande wa kivuli na rangi ya chungwa upande wa jua. Pamba niliifanya waridi. Kivuli kikawa zambarau. Niliona ni kazi yangu nzuri kuliko zote, nikaitundika sebuleni kwake, mama akaitazama akasema ahsante, kwa sauti ya mtu aliyepewa paka.

Haikupita muda mama akaugua. Homa, kutapika, hawezi kusimama. Tulimpeleka hospitali, wakampima, wakamtibu, akarudi nyumbani mdhaifu. Ndipo mjomba wangu, kaka yake mama, alipoingia sebuleni akaiona picha. Akaita kikao cha ukoo.

“Umemchora mama yako kijani,” akaniambia mbele ya wote. “Nani aliye kijani? Maiti. Umemchora, akaugua. Unataka tuseme nini?”

Nikaeleza habari ya vivuli. Nikaeleza habari ya Wafaransa, wale wa baadaye. Kila nilichosema kilizidi kunitia hatiani. Shangazi mmoja aliuliza kama hao Wafaransa nao wamekufa, nikalazimika kukubali. Wakaamua picha ichomwe, na mimi nisikanyage pale mpaka ukoo ukae tena. Mama alikuwa chumbani amelala, ningezuiwa kumuuguza. Nikaomba siku moja, nimlete mwalimu wangu aeleze. Mjomba akasema mlete, tumwone na yeye.

Nilimpigia simu nikilia. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani ataniambia nenda ofisini. Akasema, “Nakuja.”

Kesho yake alifika kwa pikipiki, amevaa koti la misa, vumbi mpaka kwenye nyusi. Akaamkia, “Mwadila,” wakaitikia, akapewa kiti, akapewa maji. Mjomba akamweleza shitaka lote. Mzee akaomba aione picha. Ililetwa uani, ikaegemezwa kwenye gunia la pamba. Aliiangalia muda mrefu sana mpaka watu wakaanza kukohoa.

“Ndugu zangu,” akasema, “picha hii ina kosa.”

Mjomba akaitikia kwa kichwa.

“Huyu mama hajasimama. Anaelea. Angalieni miguu.”

Wote wakainama kuangalia miguu.

“Nimemfundisha binti yenu mpaka nimechoka, na bado anaficha miguu kwenye majani. Mtu anayeelea hawezi kuchuma pamba. Mnaona mkono huu unavyovuta? Unavuta kutoka wapi?” Akamgeukia mjomba. “Wewe dada yako unamjua. Akichuma, anasimamaje?”

Mjomba alisita. Halafu, kwa kuwa ni mkulima na aliulizwa swali la kilimo, akajibu. “Mguu mmoja juu ya tuta. Mwingine chini, mferejini.”

“Upi juu?”

“Wa kushoto.”

“Siyo wa kulia?”

“Mzee, nimelima naye toka utoto. Wa kushoto!”

“Nionyeshe.”

Shamba linaanzia pale pale nyuma ya nyumba. Mjomba akaingia kwenye pamba na kanzu yake ya kikao, akaweka mguu wa kushoto juu ya tuta, akainama, akanyoosha mkono. Mzee akaniambia nilete rangi. Nikazileta. Hakuigusa brashi, hakuwahi kugusa kazi ya mwanafunzi. Alisema tu, “Mguu uanze kwenye udongo, ndipo upande juu.” Nikachora miguu ya mama yangu kwa kumwangalia mjomba wangu. Jua lilikuwa linashuka. Shangazi alikuja nyuma yangu akasema udongo hauko hivyo, hapo chini ya majani una weusi wa mvinyo. Mjomba naye akapaza sauti kutoka mferejini kwamba siyo mvinyo, ni zambarau, jioni udongo wa mbuga unakuwa zambarau, kila mtu anajua.

Nikaongeza zambarau.

Mama yangu alitoka chumbani kwa sababu ya kelele. Alikuwa amejifunika khanga, amejishika kwenye mwimo wa mlango. Akamwona kaka yake, mtu mzima, ameinama kwenye pamba mkono hewani.

“Huyo anafanya nini?”

“Anasimama badala yako,” Mchora Ramani akasema. “Pole na kuugua, mayu.”

Mama akamwangalia mjomba kwa makini. “Mguu siyo huo,” akasema, akarudi kulala.

Picha haikuchomwa. Haikurudi sebuleni pia. Mjomba alikuwa na msimamo wake. Iliwekwa kwenye ghala la pamba, mlango ukafungwa, na nikaruhusiwa kukaa mpaka mama apone. Alipona. Jioni ile, nikimsindikiza mzee kwenye pikipiki, nilitaka kumshukuru. Akasema kijani cha usoni kilikuwa kizuri, ila ningekirudisha kidogo kwenye majani, watu wasingeogopa.

Mke wake alifariki mwaka uliofuata, ghafla, msimu wa mpunga. Tulikwenda kuzika, tukakaa matanga, na baada ya siku za maombolezo kwisha darasa halikurudi. Mwezi wa pili baada ya msiba akatuita, mimi na mwinjilisti. Tulimkuta uani, turubai mbele yake. Ilikuwa imepakwa ikafutwa, ikapakwa ikafutwa, mpaka kitambaa kikawa na rangi ya matope.

“Nimejaribu uso,” akasema.

Picha za simu zilikuwapo. Binti yake alikuwa amezileta zote. Katika zote mama alikuwa ametulia, amekaza shingo kwa ajili ya kamera, na mzee alisema huyo hamfahamu. Akatuuliza, akiangalia pembeni, kama kati ya wanafunzi wake yuko aliyevunja sheria mwaka ule wa kwanza.

Mimi nilikuwa mtiifu. Sijawahi kuuchukia utiifu wangu kama siku ile. Lakini mwinjilisti alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema anaomba msamaha, yeye alivunja. Alimchora mama kwa siri akipepeta mchele, siku ile aliyotusimamia nyuma, akaificha picha chini ya kitanda akiogopa kufukuzwa.

“Kailete.”

Alikwenda na kurudi kwa baiskeli. Ilikuwa picha mbaya, niseme ukweli, jicho moja liko juu kuliko la pili na mdomo umepinda. Lakini ulikuwa mdomo uliopinda kwa kutaka kusema neno. Mzee aliishika kwa mikono miwili. Nilisikia anavuta pumzi.

“Jicho liko juu,” akasema.

“Ndiyo, mzee.”

“Na ameanza kuongea.”

“Alikuwa anaongea, mzee. Alisema tumemzibia njia.”

Akaomba kama anaweza kubaki nayo. Mwinjilisti akasema ni yake. Tulikaa pale mpaka giza likaanza kuingia, hakuna aliyewasha taa, na mzee hakuiweka chini.

Baadaye mzee alipata kiharusi, upande wa kulia. Binti yake, anayeuza vyakula vya mifugo Mwanhuzi, akamchukua akaishi naye. Ilinichukua muda kwenda. Nilikuwa naogopa kuona mkono ule. Nilipokwenda nilibeba rangi mpya, nzuri, nikijiambia mkono wa kushoto nao ni mkono.

Nilimkuta ameketi mlangoni, amekonda. Kule nchi ni kavu, unaona mbuzi wakiwa mbali sana na bado wanaonekana wana haraka. Nilimwamkia, akaitikia kwa ulimi mzito lakini unaeleweka. Nikampa rangi. Alizishika moja moja, akasoma majina, akazirudisha kwenye mfuko.

“Wape wenye kazi nazo,” akasema. “Mimi nimemaliza.”

Nikaanza kumbishia. Nikasema habari za mkono wa kushoto, za mazoezi, za watu niliosikia. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mayu,” akasema, “nimemaliza. Siyo jambo baya.”

Niligeuza uso nikaangalia mbuzi.

Akaniambia nisiondoke kwa kuwa leo anapika yeye. Nilidhani nimesikia vibaya. Mtu huyu maisha yake yote hakuwahi kuchemsha hata yai. Binti yake akatoka akathibitisha: hapa kila anayekula anapika, baba naye amewekwa zamu, anajifunza ugali. Kwa mkono mmoja. Sufuria inashikwa na mjukuu, mwiko anashika yeye. “Ni mwanafunzi mgumu,” binti akasema, bila kutabasamu. “Anataka kujua sababu ya kila kitu.”

Kutoka jikoni nilisikia mwiko ukigonga, na sauti ya binti ikisema geuza, geuza, usiulize, geuza. Ikachukua muda mrefu. Kisha ugali ukaletwa, pamoja na mlenda na maziwa ya mgando. Mzee akaketi mbele yangu, jasho linamtoka, akaniangalia mikono. Hakunawa. Alikuwa anangoja nianze.

Nikakata tonge, nikatafuna. Unga ulikuwa mbichi. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni, naye ananiangalia, na machoni mwake niliona ananiomba niseme uongo.

“Mzee,” nikasema, “haujaiva.”

Akaitazama sahani. Nikaona upande wa kushoto wa uso wake, ule uliobaki na nguvu, unapanda taratibu, mpaka nikagundua kwamba anacheka.

“Hawa wote wananiambia mtamu,” akasema.

Akajishika kwenye meza, akasimama, akaichukua sahani ya ugali kwa mkono wa kushoto, akarudi nayo jikoni akiburuta mguu. Binti alitaka kumsaidia, akamkataza. Tulikaa sana, mlenda ukapoa, mbuzi wakarudi. Ulipoletwa mara ya pili ulikuwa na mabuje ya unga, lakini ulikuwa umeiva. Nikamwambia vyote viwili, akanawa, tukala.